Kijiko Nyuma ya Mabati

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, kijiko kilianza. Kri, kri, kri, ndani ya kikombe cha bati, upande wa pili wa ukuta wa mabati, polepole, kama mkono usio na haraka ya kwenda popote. Mong'ina alifumbua macho gizani akasikiliza. Kijiko kilizunguka, kikapumzika, kikazunguka tena. Alijua kule kuna mtu mmoja na kikombe kimoja, maana chai ya watu wawili haikorogwi kimya vile. Chai ya watu wawili huja na maneno.

Aliyekoroga alikuwa mama mzee wa Kijaluo aitwaye Scovia, mpishi wa uji pale karakana ya mafunzo. Wanafunzi wote walimwita Dani, neno la Kijaluo la nyanya. Mong'ina naye alimwita hivyo, na karibu yote waliyokuwa wameambiana yaliishia hapo. Dani alijua Kijaluo na Kiswahili kidogo cha sokoni. Mong'ina alikuwa Mkisii, na Kijaluo chake kilikuwa "oyawore" ya asubuhi. Wakikutana mlangoni walisalimiana, wakatabasamu, kisha kila mmoja akaingia kwake na kufunga.

Hakuja Homa Bay kutafuta watu, alijiambia. Alikuja kutafuta puli.

Nyumbani kwake Masara, nje ya mji wa Migori, alikuwa ameacha kinu cha kusaga unga kilichonyamaza. Marehemu mumewe, Ondieki, alikuwa fundi mwenye masikio. Injini ikiumwa, alijua inaumwa wapi kwa kuisikiliza tu. Alipokufa, kinu kiliendelea kusaga kana kwamba hakijapata habari za msiba. Kisha siku moja puli kubwa ya injini, ile inayovuta mkanda, ikapasuka. Fundi wa Migori akaichomelea, ikapasuka. Akaichomelea tena, ikapasuka vibaya zaidi. Wenye maduka wa Kisumu wakasema injini ile imezeeka, vipuri vyake haviji tena.

Ndipo shemeji yake Machuki alipokuja, akaketi, akakohoa kabla ya kusema.

"Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini chuma kikikosa kazi kinaliwa na kutu. Mahindi yakivunwa na kinu bado kimelala, hiyo injini nitawapa watu wa dhahabu wavute nayo maji mashimoni."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomwuma Mong'ina zaidi. Mtu akikuambia jambo baya kwa upole, huna hata pa kumkasirikia.

Kwa hiyo aliposikia kwamba wamisheni wa Homa Bay wana karakana inayofundisha watu kuyeyusha chuma na kukereza vipuri kwa mashine, na kwamba kila mwanafunzi huondoka na kitu alichotengeneza kwa mikono yake mwenyewe, aliwaacha watoto wake, Sheila na mdogo wake, kwa nyanya yao. Akafunga nguo zake katika leso, akaenda. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, msimu wa palizi. Darasani alikuwa mwanamke peke yake, tena mwenye umri wa kuwa mama wa baadhi yao.

Mwalimu wao, Maroa, alikuwa Mkuria mpole aliyezeekea katika karakana za reli. Hakupenda ubao wala chaki. Siku ya kwanza aliwapa kila mmoja konzi ya mchanga uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

"Finya," alisema. "Fungua mkono. Umeona alama za vidole? Sasa vunja hilo tonge. Likivunjika safi kama mkate, mchanga ni mzuri. Ukisikia ubaridi wa maji kiganjani, tupa, anza upya. Maji na chuma cha moto hawasalimiani. Maji yakikosa njia ya kutoka, yatatokea usoni kwako."

Mong'ina alifinya mchanga ule mpaka mkono wake ukajua bila yeye kufikiri. Alijifunza kuchonga mfano wa puli kwa mbao, kuuzika katika mchanga ndani ya fremu mbili zinazopandana, kushindilia, kutenganisha fremu, kutoa mfano bila kubomoa, kisha kuzifunga tena. Ndani ilibaki nafasi tupu yenye umbo la puli. Nafasi hiyo ndiyo kalibu, na humo ndimo alumini iliyoyeyuka humiminwa. Usiku, kabla ya usingizi, aliiwazia nafasi ile tupu mle gizani, imetulia, inangoja kujazwa. Alihisi anaifahamu.

Aliyekuwa akichoma naye makaa ni Bonface, kijana wa kisiwa cha Mfangano, aliyekuja kujifunza kutengeneza mapangaboi ya injini za mashua, yale yanayosukuma maji. Mdomo wake haukupumzika.

"Mama Sheila, hiyo puli yako ni kubwa hivyo ya nini? Unataka kuzungusha dunia?"

"Nazungushia unga, baba. Dunia izungushe wewe na mdomo wako."

Wengine wakacheka, na Mong'ina akacheka pia. Lakini jioni, akiwa peke yake na ugali wake wa kijisufuria kidogo, aligundua kwamba hicho kicheko ndicho kilichokuwa mazungumzo yake ya siku nzima.

Siku ya kumimina ilipangwa Ijumaa. Pistoni kuukuu na masufuria yaliyotoboka vilikwisha kukatwakatwa, kalibu ya Mong'ina ilikuwa tayari tangu asubuhi, imeshindiliwa vizuri hata Maroa akaipigapiga kwa kidole akasema, "Hii ni nyumba." Tanuri likawashwa. Halafu stima ikapotea. Feni ya kupulizia moto ikalala, makaa yakafifia, nao wakaketi nje wakingoja, jua likiteremka upande wa ziwa.

Stima ilirudi jua likigusa vilima. Wote wakaruka kwa furaha. Mong'ina peke yake alianza kufungua aproni.

"Unaenda wapi?" Bonface akauliza.

"Sabato inaingia."

"Ai! Mama Sabato! Huyo Mungu wako anafunga saa kumi na mbili kama benki?"

"Anafunga nami nafunga," alisema Mong'ina, lakini sauti yake haikuwa na mchezo. Moto ulikuwa mwekundu, kazi yake ilikuwa tayari, na siku za mafunzo zilikuwa zinaisha. Aliona aibu kuondoka, na aliona aibu kwa kuona aibu.

Maroa alikuja akasimama kando yake. "Mama, mchanga utangoja. Funika na gunia kavu, uweke kule kwenye kona. Jumapili nikitoka misa nitakuja tuwashe moto wako peke yako."

Alisema hivyo kama mtu anayekupa chumvi. Mong'ina alishindwa hata kumshukuru vizuri.

Jumamosi ile alikaa chumbani mchana kutwa. Kanisani kwa Wasabato wa mjini aliwahi kwenda. Walimkaribisha vizuri, lakini nyimbo zilikuwa za Kijaluo, akawa kama mtu anayechungulia dirishani karamu ya wengine. Basi aliimba kwa Kikisii, chini chini, asimsumbue mtu. Alisoma zaburi. Aliwaza kama Sheila amesuka nywele. Upande wa pili wa mabati hakukuwa na sauti, Dani alikuwa ametoka, na siku ikawa ndefu kama njia ya mgonjwa.

Jumapili alasiri Maroa alifika na viatu vya kanisani. Bonface naye alikuja, bila kuitwa.

"Chungu cha kuyeyushia kinashikwa na watu wawili," alisema huku akiangalia kando. "Mwalimu amezeeka, atatumwagia."

Mong'ina aliondoa gunia. Alilihisi zito kidogo, akadhani ni ukungu wa ziwa. Juu ya mchanga palikuwa pakavu. Fremu zilikuwa zimefungwa, na haikumjia kuzifungua. Alumini ilipoyeyuka ikang'aa kama maziwa yenye mwezi ndani, akashika koleo upande mmoja, Bonface upande mwingine, wakainamisha chungu juu ya tundu la kalibu.

Kwanza ikaingia vizuri. Halafu kalibu ikanguruma. Tundu likapiga mvuke, likatema chuma hewani. Maroa alimvuta Mong'ina kwa kamba ya aproni mpaka akaanguka kitako. Tone la moto liliangukia kiatu cha Bonface, likatoboa ngozi, naye akarukaruka akipiga kelele mpaka alipokivua.

Kulipotulia walivunja mchanga. Ndani palikuwa na kitu chenye matundu matundu kama kipande cha sega la nyuki. Mchanga ulikuwa umelowa hadi chini.

"Umetiwa maji," alisema Maroa taratibu.

Mong'ina alisimama. Mwezi mzima alikuwa amecheka kila alipotaniwa, na sasa kicheko chote kiligeuka ndani yake.

"Ni wewe," alimwambia Bonface. "Mama Sabato, Mama Sabato! Ulitaka nione Mungu wangu akifunga. Sasa nimeona. Watoto wangu watakula nini, utakuja kuwatania na wao?"

Bonface alikuwa ameshika kiatu chake kilichotoboka. Alimtazama, akageuka, akaenda zake mguu mmoja peku. Maroa akaanza kukusanya mchanga kwa ufagio.

"Ijumaa tutamimina tena," alisema. "Ya mwisho kabla ya kufunga mafunzo. Hicho kibovu kitayeyuka; alumini haina kinyongo."

Lakini usiku ule Mong'ina alifunga nguo zake katika leso. Alipanga kuondoka kukicha. Alijiona akifika Masara mikono mitupu, Machuki akikohoa kabla ya kusema.

Aliamka gizani, akangoja kijiko.

Hakikulia.

Alingoja. Jogoo wakawika, wakanyamaza. Mwanga ukapenya matundu ya misumari. Nyuma ya mabati kulikuwa kimya, na ni hapo alipotambua kwamba tangu afike mji ule hakuwahi kuanza siku yoyote bila sauti ile. Mzee anayeishi peke yake, akikosa kusikika asubuhi, hungoji. Alijifunga kanga, akatoka, akabisha.

"Dani! Dani, uko?"

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Niko. Lakini mimi sina uso."

Mlango haukuwa umefungwa. Dani alikuwa ameketi kwenye kigoda, nguo zile zile za jana, moto haujawashwa. Hakunyanyua kichwa.

"Mimi ndiye niliweka maji," alisema.

Mong'ina hakuelewa.

"Jumamosi nilienda kuosha sufuria za uji. Nikaona kazi yako kwa kona, peke yake, imefunikwa gunia kavu. Nikasema, ai, huyu mtoto wa watu hana mtu wa kumwangalilia. Mimi nimefinyanga nyungu tangu niolewe. Nyungu ikikaa bila maji, inapasuka. Unanyunyiza, unafunika na majani mabichi, inakungoja. Basi nikanyunyiza. Nikaweka majani ya ndizi. Asubuhi ya jana nikanyunyiza tena, nikatoa majani upate kazi safi." Akafuta pua kwa kiganja. "Jioni nikasikia wakisema maji iliharibu. Iko karibu kuua watu. Nikasema, Scovia, umemaliza mtoto wa wenyewe."

Mong'ina alisimama pale mlangoni. Aliitazama ile mikono mizee iliyolala mapajani, vidole vipana vilivyopinda kwa kufinyanga. Akaikumbuka Jumamosi, siku ile ndefu, zaburi na nyimbo za chini chini, na yeye akiamini kwamba mji mzima hakuna hata mtu mmoja anayemwaza. Na saa zile zile mtu alikuwa akitembea mpaka karakana kunyunyizia kazi yake maji, kama anayembembeleza mtoto wa jirani.

Akachuchumaa, akaishika ile mikono. Machozi yakamtoka kabla hajajua kama anacheka au analia.

"Dani, kumbe ulikuwa unaninywesha maji!"

"Usicheke. Mimi ni mjinga."

"Si mjinga. Mimi ndiye sikukuambia. Hata siku moja sikukuambia nafanya nini kule ndani."

Aliwasha moto yeye mwenyewe, akachemsha chai. Alipotafuta sukari kwenye rafu hakuiona. Palikuwa na mkebe mtupu, umekauka zamani.

"Sukari iliisha, Dani?"

"Ah, iliisha zamani."

"Na kila asubuhi nakusikia unakoroga."

Dani alitazama kikombe. Alieleza kwa kutafuta maneno. Mume wake alikufa. Mwana wake mkubwa alizama ziwani karibu na kisiwa cha Remba. Wengine waliugua, mmoja akifuata mwingine, mpaka nyumba ikaisha. Tangu hapo hakufinyanga tena. "Nakoroga ili nyumba isikie kuna mtu," alisema. "Na wewe ulipokuja, nikasema, wacha na huyo mgeni asikie kuna mtu."

Walikunywa chai isiyo na sukari. Ilipobaki nusu, Mong'ina akakumbuka Bonface. Alimweleza Dani yote.

Dani aliweka kikombe chini. "Ijumaa mnawasha moto tena?"

"Ndiyo, kama nitabaki."

"Kwetu, kwa mama yangu, moto wa nyungu hauwashwi kama kuna watu wawili hapo hawasemezani. Mtu mwenye kinyongo anaambiwa, nenda kwanza, tengeneza, ndio urudi. La sivyo nyungu zinalia motoni, zote zinapasuka, hata za wale hawana makosa." Akainuka, akachukua shuka yake. "Twende. Mimi nitasema ya maji. Wewe utasema ya mdomo."

Walimkuta Bonface nyuma ya karakana, akishona kiatu kwa sindano ya nyavu. Dani alimwambia kwa Kijaluo, maneno marefu, akionyesha mikono yake. Bonface akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Mong'ina.

"Baba," alisema Mong'ina, "ulikuja siku yako ya kupumzika kunishikia moto, nami nikakutupia maneno. Nisamehe. Kiatu nitakutafutia kingine."

Bonface alikigeuzageuza kile kiatu. "Hiki kilikuwa cha mjomba. Kilimbana maisha yake yote. Sasa kimepata dirisha." Akauma uzi kwa meno. "Lakini Mama Sheila, Ijumaa tumimine asubuhi. Sitaki kushindana na huyo Mungu wako wa saa kumi na mbili."

Basi Ijumaa walimimina asubuhi. Mong'ina alichekecha mchanga wote upya, akaanika, akafinya, akavunja, akafinya tena. Dani alisimama mlangoni, mikono ameifungia ndani ya shuka. Kila Mong'ina alipomtazama alitikisa kichwa, kama kusema, mimi hapana, maji yangu yako kwa sufuria ya uji. Alumini ikaingia kalibuni kimya kabisa, ikapanda, ikatulia kwenye tundu, ikabadilika rangi. Walipovunja mchanga, puli ilikuwa humo ndani, ya moto bado, nzima pande zote.

Siku zilizofuata aliifunga kwenye mashine ya kukereza. Maroa alimwonyesha mara moja, kisha akakunja mikono mgongoni ili isimsaidie. Ukwangu wa alumini ukatoka ukijikunja kama maganda ya viazi, ukiwa na joto. Alitoboa katikati tundu la ekseli, akapima, akakwangua kidogo, akapima. Ekseli aliyoletewa ya kujaribia ilipoingia bila kulazimishwa na bila kucheza, alikaa chini kwenye kreti akatazama mikono yake. Alitamani Ondieki aione. Hakukuwa na mwingine ambaye angeelewa jinsi lile tundu lilivyokuwa sawa, na hilo ni jambo ambalo hakuna karakana inayoweza kulikereza likaisha.

Mahindi ya kwanza yalipovunwa, kinu cha Masara kiliwaka. Mkanda ukashika puli, puli ikazunguka. Wanawake waliokuja na debe zao wakapiga vigelegele. Machuki alisimama mlangoni, akakohoa, kisha akavua koti, akabeba gunia la kwanza yeye mwenyewe mpaka kwenye kinu.

Mong'ina alirudi Homa Bay baada ya mavuno, akiwa na unga wa mahindi uliochanganywa na wimbi, na sukari. Alifika asubuhi. Chumba chake cha zamani kilikuwa na kufuli. Mpangaji mpya ni dereva wa lori, alisema Dani, hulala barabarani siku nyingi. Nyuma ya mabati siku hizi hakuna mtu wa kusikia kijiko. Lakini Dani bado alikuwa akikoroga.

Walikunywa chai, tamu mara hii, vikombe viwili. Dani alichovya kidole ndani ya unga akaonja, akasema ni laini, kinu kinajua kazi. Waliongea Kiswahili chao cha kuokoteza, na pale kilipokwama walionyeshana kwa mikono.

Jua lilipoinama Mong'ina alisimama. Dani aliingia ndani, akatoka na nyungu ndogo ya maji, mpya, nyeusi kwa moshi, yenye shingo nyembamba. Ilikuwa ya kwanza tangu nyumba yake iishe.

"Hii niliinyunyizia maji," alisema, "na haikutema mtu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dani alimsindikiza hadi barabarani, hatua ndogo ndogo, kisha akasimama. Hakuachia mkono.

"Nitakuja tena, Dani."

"Watu wanasemaga hivyo."

"Nitakuja."

Mzee alitazama barabara, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza akamwita *nyara*, binti yangu.

"Basi kuja, *nyara*. Hata unga ukikosa, hata sukari. Kuja mikono mitupu, unitembelee."